Maji ya Bwawa la Tatu

Mtaa wetu tunauita mlima, na jirani aliyetoka Kivu ya Kusini hucheka kila akisikia. Kwao, anasema, kitu kama hiki hakipewi hata jina. Lakini sisi wa Kisangani tumezoea ardhi iliyolala, kwa hiyo mteremko wa dakika kumi unatutosha. Viwanja kumi na vinne vimeshikana kwenye mteremko huo, na chini kabisa kuna chemchemi. Watu wote wa mlima wanachota hapo maji ya kunywa. Nasema wanachota, niseme walikuwa wanachota.

Leo ukimuuliza yeyote wa mlima ni nani aliyeiharibu chemchemi, atakuonyesha nyumba yetu kwa kidevu. Ni yule mzee, atakwambia, yule aliyejifanya fundi wa maji. Mzee huyo ni baba yangu, na hakuiharibu. Niliiharibu mimi. Sijamwambia mtu, na hata hapa sitaji jina langu, kwa sababu bado nauza kwanga, mikate ya muhogo, sokoni na bado nina watoto wanne wa kulisha.

Nianze na mvua. Kabla ya mabwawa ya baba, kila kiwanja kilikuwa na shimo lake la choo, na kila shimo lilikuwa na tundu upande wa chini, limezibwa kwa jiwe. Mvua kubwa ikianza, baba mwenye nyumba anajifunika plastiki kichwani, anatoka, anaondoa jiwe. Kilichomo kinateremka na maji ya mvua kwa jirani wa chini. Jirani naye anaondoa jiwe lake. Tuliita kufungulia mvua, na hakuna aliyeona aibu. Watu wa suti za Jumapili, watu wa kanzu za Ijumaa, wote walimfungulia mwenzao mavi mlangoni, na asubuhi wakamsalimia kwa upole, mbote mama, umelala muzuri? Wa viwanja vya chini waliteta, lakini nao walikuwa na jiwe lao, na chini yao ilikuwa chemchemi, ambayo haina mdomo wa kuteta.

Baba alikuwa amestaafu kazi ya maji ya serikali. Maisha yake yote yalipita kwenye vichujio na matangi, na siku ya kumuaga walimpa mkono na barua. Ni mtu wa Maniema, Mwislamu mkimya, anayetawadha polepole hata maji yakiwa haba. Habari ya mawe ilimkera kuliko hata njaa ya kustaafu. Alisema hawezi kunawa uso, akasimama mbele ya Mungu, kwa maji ambayo jirani yake ametoka kuyanyea.

Karibu miaka miwili alipita kiwanja kwa kiwanja kuwaeleza. Walimkaribisha kiti, wakamsikiliza, akishatoka wakacheka. Fundi bila kazi, walisema, anatafutia mikono yake kitu cha kufanya. Kisha ukaja msimu mmoja ambapo watoto wa mlima waliharisha karibu wote, wa juu na wa chini, na kicheko kikaisha. Wanaume wakachimba mifereji, mmoja kutoka kila shimo. Baba akawaonyesha pa kupitisha, akipima mteremko kwa chupa ya maji iliyolazwa juu ya ubao, na chini ya viwanja vyote, juu kidogo ya chemchemi, wakachimba mabwawa matatu yanayofuatana.

La kwanza lilipokea kila kitu. Uchafu mzito ulizama humo, na mafuta na povu vikaelea. La pili alilijaza kokoto za mtoni, akapanda matete juu yake. La tatu lilikuwa pana, halina kina, limefunikwa na yale majani yanayoelea na kusumbua pirogi za wavuvi. Alisema mizizi yao inakula kilichobaki. Mwisho wa bwawa la tatu aliweka bomba moja, usawa wa uso wa maji, lililoyapeleka maji pembeni, mbali na chemchemi, hadi kwenye kinamasi. Matundu ya zamani ya mashimo yote, yale ya mawe, yakajengewa saruji. Kuhusu lile bomba alinifundisha kama mtu anayemfundisha mtoto sala:

"Maji ikitoka huku sawasawa, yote iko sawasawa. Bomba ikizibwa, maji itajitafutia njia, na njia yake iko mu chemchemi."

Asubuhi alikaa ukingoni mwa bwawa la tatu kama mtu anayechunga mbuzi. Pale majani yalipoachana ungeweza kuona chini kabisa, na watu waliopita walisimama kushangaa. Kila aliyesimama aliambiwa neno lile lile, nami nililisikia mara nyingi mpaka nikalichoka: "Hii iko safi ya kurudi mu mto, haiko safi ya kuingia mu tumbo ya mutu." Naliandika hapa lilivyokuwa, kwa sababu baadaye watu walidai alisema jingine.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kwake na watoto wangu. Mume wangu alikwenda kwenye machimbo, na tangu hapo hutuma salamu. Salamu hazilowekwi wala hazipondwi, basi nikashika biashara ya kwanga. Mihogo ilikuja kwa baiskeli kutoka upande wa Masako. Mihogo ya kwanga ni ile michungu, lazima ilale majini siku tatu au nne, ilainike na kuacha sumu yake, ndipo utoe nyuzi, uponde, ufunge kwenye majani na kupika. Kijito cha kulowekea kilikuwa nyuma ya mtaa wa pili, mwendo wa karibu saa nzima. Unakwenda na gunia kavu kichwani, unarudi na gunia linalochuruzika mgongoni, linanuka, na njia ni potopoto, tope tupu. Na huko wezi walikuwepo. Mtu anakulia jasho lako huku ukiwa nyumbani unakata majani ya kufungia.

Mwaka ule ule wa mabwawa kaka mkubwa wa baba alifariki Kindu. Baba akaenda kwenye matanga, akasema atakaa majuma mawili au matatu. Aliniachia kazi moja. Kila asubuhi nitazame mdomo wa bomba, nitoe majani yaliyonasa. Si kazi ya kumchosha mtu. Juma la kwanza niliifanya vizuri, hata nikaona fahari kidogo.

Juma la pili waliniibia kijitoni magunia mawili, siku ile ile niliyokwenda kuyatoa. Nilipanda mlima mikono mitupu, nikilia kwa hasira, na njia ya kupanda inapita kando ya bwawa la tatu. Nikalitazama. Maji yaliyotulia, yamepata jua, hatua chache kutoka mlangoni kwetu, na hakuna mwizi atakayeingiza mkono kwenye maji ambayo watu wote wanajua yametoka chooni. Mihogo inapenda maji kama hayo. Sikufikiri muda mrefu, na nisijisingizie kwamba nilifikiri. Nilikopa gunia kwa muuzaji wa Masako, nikasogeza majani kwenye kona, nikalilaza. Maji hayakulifunika. Nikaenda kwenye bomba, nikalijaza udongo na kipande cha kikwembe changu cha zamani, kitenge cha kijani, nikakandamiza kwa kisigino. Kufikia jioni maji yalikuwa yamepanda kiasi cha kiganja, na mihogo yangu ikalala vizuri.

Nilijiambia ni siku tatu tu. Nilijiambia pia kwamba kwanga inachemka muda mrefu na moto unaua kila kitu. Binti wa fundi wa maji hakosi maneno ya kujitetea.

Siku ya pili aliniona mama mmoja wa kiwanja cha chini, mtu wa upande wa Yahuma, ambaye meza yake sokoni imegusana na yangu. Hakuniuliza kitu. Asubuhi yake gunia lake lilikuwa kando ya langu. Baada ya siku chache nikahesabu magunia tisa. Kila mama aliyekuja aliwakuta wengine, akaona kwamba ruhusa imetoka mahali fulani. Majani yalipowazuia waliyavuta kwa reki na kuyatupa ukingoni. Na mihogo ililainika vizuri kweli kweli, kwanga ikatoka laini kuliko zote nilizowahi kupika, wateja wakanisifu. Nikatia gunia jingine.

Baba alirudi kwa pikipiki kupitia Ubundu, mgongo umemkauka kwa safari, na kabla ya kuingia nyumbani alikwenda bwawani. Nilimwona kutoka mlangoni. Majani yaliyosalia yalikuwa yamegeuka manjano, na maji yamekuwa meupe yenye povu. Aliinama kwenye bomba, akaingiza mkono, akavuta udongo, kisha akavuta kitambaa. Alikiangalia kile kitambaa. Akakikamua, akakikunja, akakitia mfukoni, akaja nyumbani.

"Nani alianza?" akaniuliza.

"Siko najua, papa. Nilikuta bamama banaloweka. Na mie nikatia kidogo."

Alinitazama kwa muda, wala si kwa ukali. Nilikuwa na kikwembe kingine cha kijani kiunoni, cha doti ile ile.

"Bon," akasema. "Mihogo inaacha sumu mu maji, na sumu ile inaua majani. Majani ikikufa, bwawa haifanye tena kazi. Donc utatoa yako ya kwanza, mbele ya batu. Ukitoa yako, bengine batatoa. Nikibaambia mie, batasema muzee anabaonea."

"Inabakia siku mbili tu ilainike, papa. Nikitoa leo itaharibika yote."

"Siku mbili," alisema, na akaenda kuoga.

Hilo lingeweza kusameheka. Mtu anachelewesha siku mbili, dunia haianguki. Lakini bomba lilikuwa limefunguliwa, maji yakashuka usiku kucha, na alfajiri nikakuta nusu ya mihogo yangu iko nje, imeanza kuwa myeusi. Ilikuwa ya mkopo. Nikachukua udongo, safari hii na nyasi badala ya kitambaa, nikaliziba tena, nikakanyaga zaidi ya mara ya kwanza. Nilikuwa nimeshaambiwa. Nilijua maji yakikosa bomba yatakwenda wapi, nilijua tangu mtoto, ningeweza kukuchorea njia yake mchangani. Mara ya kwanza naweza kusema nilikuwa na hasira ya kuibiwa. Mara ya pili sina la kusema.

Ilikuwa Ijumaa. Kwa uchovu wa safari baba hakwenda bwawani asubuhi; mchana alikwenda msikitini, na mvua ikaanza kabla hawajamaliza. Haikuwa mvua ya ajabu, ni mvua yetu ya kawaida, ila ndiyo ya kwanza tangu nianze kuziba bomba. Maji ya mifereji kumi na minne yakaingia bwawa la kwanza, yakafika la tatu, yakakosa pa kutokea, na ukingo wa upande wa chini, uliokuwa umelowa siku zote zile, ukaondoka mara moja kama kipande cha sabuni. Nilisikia. Nilikuwa nafunga kwanga barazani. La tatu likavuta na mawili ya juu yake, yote matatu yakamwagika chemchemini, tope la miezi, matete, kokoto, yote. Mvua ilipokatika watu waliteremka kuangalia, wakakuta mihogo myeupe imesambaa juu ya saruji ya kuchotea maji, na bomba la mwanzi lililotoa maji ya kunywa linatoa kitu ambacho sitakieleza.

Mwezi mzima mlima uliharisha. Wangu waliharisha wote wanne, na mdogo nilimbeba mara mbili hadi hospitali. Hakuna aliyekufa. Mungu alituhurumia bila sababu.

Jumapili iliyofuata mvua ile, misa ilipokwisha, shefu wa barabara yetu aliita mkutano uani kwake. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, sisi mama wa kwanga safu moja, na kwa mara ya kwanza hatukuwa tunapiga domo. Kila mmoja alikuwa anafikiri jambo moja. Ikisemwa kwa sauti kwamba kwanga yetu ililala kwenye maji ya vyoo, neno hilo litafika sokoni kabla yetu, na hakuna mtu wa Kisangani atakayenunua tena kwetu hata kwa bure. Ndipo mama wa Yahuma akasimama, akasema bila kutetemeka:

"Siye tulifuata muzee. Alisemaka maji ya tatu iko safi."

Safu nzima ikaitikia kwa kichwa. Nami nilikuwa kwenye safu.

"Alors, bomba je?" akauliza shefu. "Mukingo haivunjike vile tu. Nani aliziba bomba?"

Hapo palikuwa na nafasi. Naukumbuka urefu wake. Kuku alipita katikati ya viti, mtu akakohoa, shefu akatazama kila safu. Ulimi wangu ulikuwa mzima, meno yangu mazima. Baba alikuwa amekaa mbele, peke yake, kofia yake ya msikitini gotini. Hakugeuka kunitazama. Alisimama polepole, kama anavyosimama kutoka kwenye sala.

"Bomba niliiziba mie," akasema. "Nilitaka majani ipate maji mingi. Nilikosa."

Mtu asiyejua kazi hiyo hawezi kuelewa alichokisema. Ni kama mpishi kukiri mbele za watu kwamba hajui chumvi. Shefu alimwangalia kwanza kama anayesubiri amalizie, kisha akauliza, "Sasa ulikuwaka fundi gani, muzee?" na watu wakacheka. Wanawake wa safu yangu walicheka kuliko wote, kwa sababu walikuwa wamepona. Mimi nilitazama vidole vya miguu yangu.

Tulirudi nyumbani pamoja, yeye mbele, mimi nyuma. Nilingoja anitukane. Ningetoa kila nilichokuwa nacho anitukane. Alisimama mara moja tu, akaniuliza kama watoto wamekunywa maji ya chumvi na sukari kama alivyoagiza. Nilisema ndiyo. Kile kitambaa sijakiona tena, na hajawahi kukitaja.

Mabwawa yalifukiwa. Juu ya la tatu sasa kuna matembele. Watu walivunja saruji kwenye mashimo yao, wakarudisha mawe, na mvua ikija wanafungulia kama zamani. Wenye uwezo wananunua maji yanayoletwa kwa mkokoteni. Wasio nao wanachota pale pale chini na kuchemsha siku wakiwa na makaa. Sokoni hatuzungumzi kamwe habari ya mihogo. Tukikosa la kuzungumza tunazungumza habari ya mzee na kichwa chake kigumu, na mama wa Yahuma hunigusa goti na kusema, "Pole, ni papa yako, lakini." Watoto wa shule wamempa jina, Papa Mavi. Wangu wanapigana nao njiani. Nami nawachapa kwa kupigana.

Mwaka huu, miezi michache iliyopita, shefu alitangaza kwamba kuna wageni wanakuja. Ni watu wa mradi mmoja, pamoja na mwalimu wa chuo, wanaotafuta miteremko ya kujengea mabwawa ya kusafishia maji machafu. Wanataka pia mtu wa mtaa anayeijua kazi, awe msimamizi. Habari ilifika kwa baba. Siku ile ile alimwomba mwanangu mkubwa daftari, na kwa siku tatu alichora mabwawa. Mkono unamtetemeka sasa, kwa hiyo alichora kila mstari kwa kuwekea rula. Alhamisi asubuhi, siku ya wageni, alivaa shati jeupe, alilolinyoosha mwenyewe kwa pasi ya makaa, akaweka kiti mlangoni, akakaa, karatasi magotini.

Shefu alikuwa ameniomba niwapikie wageni, wale kwake. Samaki, mboga ya sombe, na kwanga yangu. Mama wa Yahuma alinisaidia kubeba sufuria. Wageni walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwenye viatu vya matope, anayeuliza na kuandika. Aliuliza kama ni kweli hapa palikuwa na mabwawa zamani.

"Iliishaka kuwa," akajibu shefu. "Muzee mumoja hivi. Yeye mwenyewe aliziba bomba, yote ikabomoka."

Yule mwanamke akaacha kuandika.

"Fundi aziba bomba yake mwenyewe? Haiwezekane. Aliyejenga ile mifereji nimeona kule juu, mutu yule anajua kazi." Akanigeukia, kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu, naweka sahani. "Mama, ulikuwa hapa? Ilikuwa vile kweli?"

Kwanga ilikuwa mezani, imeshafunguliwa majani, inatoa mvuke. Mama wa Yahuma alisimama nyuma yangu na sufuria. Sikuwa na haja ya kugeuka kumwona. Na mwanamke yule alinitazama kwa macho mazuri tu, ya mtu anayetaka kujua, na nadhani angenisikiliza mpaka mwisho.

"Njo vile banasemaka," nilimjibu.

Akaandika neno moja. Kisha wakala, wakasifu kwanga, wakauliza naipikaje iwe laini hivyo. Walipomaliza waliteremka na barabara ya chini, ambayo haipiti mlangoni kwetu.

Baba alikuwa bado amekaa pale pale. Jua lilikuwa limemfikia, na hakusogeza kiti, nadhani ili aonekane kutoka njiani.

"Banakuja?" akaniuliza.

"Habakufika, papa."

Alitazama njiani. "Labda njia," akasema. "Njia ya huku imeharibika sana."

"Ndiyo, papa. Njia."

Alikunja karatasi zake, akaingia ndani, akatoka amevaa fulana, na shati amelishika kwa ncha za mabega, kwa uangalifu.

"Usiifue," akaniambia. "Haijachafuka. Bakirudia nitaivaa."

Nikalipokea, nikalitundika kwenye msumari.